Anza na silinda inayoyumba

Hotuba kwa wanaoanza kuunda injini ndogo za mvuke

Wenzangu, asanteni kwa kuja. Naona wengine mmefika na michoro yenu mmeibana kwapani, na kabla sijapanda hapa nimeonyeshwa mitatu minne. Yote ni ya garimoshi: magurudumu sita, silinda mbili, boila ya shaba, mpaka filimbi imechorwa na vipimo vyake vimewekwa. Nimefurahi kuiona. Hamu ya kutazama garimoshi dogo likivuta mabehewa kwa mvuke halisi ndiyo iliyoniingiza mimi mwenyewe katika kazi hii. Ila nina ombi: michoro hiyo itunzeni kabatini, muanze na kitu kidogo kuliko hicho, kisha mkimalize.

Neno ninalolitilia mkazo ni hilo la mwisho. Mkimalize.

Hapa mezani nimeweka injini mbili. Kila moja inaenea kiganjani, na kwa kuzitazama tu zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Moja inazunguka, nyingine haizunguki. Ziacheni hapo kwanza, nitazirudia.

Mimi nilianza na garimoshi. Nilikata fremu, nikakereza magurudumu, nikatengeneza fito za kuyaunganisha. Miaka miwili ikapita. Karibu kila jioni nilikuwa na kipande kipya cha kuwaonyesha watu wa nyumbani, na hakuna hata jioni moja niliyokuwa na kitu kinachojiendesha. Kosa nililolifanya mwezi wa kwanza, la kutoboa matundu ya ekseli bila kuzibana fremu zote mbili pamoja, nilikuja kuligundua mwaka wa pili, magurudumu yalipoanza kukwama kila baada ya nusu mzunguko. Kufikia hapo kila kipande kilikuwa kimeshapimwa kwa kukifuata kile kilichopinda. Fremu ile ikaingia chini ya meza. Na chini ya meza za watu wanaojifunza kuna magarimoshi mengi sana, ambayo takriban yote yamefia palepale, kwenye fremu na magurudumu. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, na tamu ya kazi hii ni ule mzunguko wa kwanza.

Garimoshi, hata liwe dogo namna gani, lina mamia ya vipande. Injini ninayowashauri muanze nayo ina vipande 12 hivi ukiacha parafujo. Lakini hoja yangu kubwa haiko kwenye wingi wa kazi. Injini ndogo hukuonyesha kosa lako wiki hiyohiyo, ungali unakumbuka ulivyokishika kipande kwenye jiliwa, tupa uliiegemeza upande gani, na wapi ulikuwa na haraka. Kosa likichelewa kuonekana kwa miaka miwili halikufundishi chochote, linakuumiza tu.

Sasa niieleze injini yenyewe. Ni injini ya silinda inayoyumba. Tazameni hii. Kuna kitako, na juu yake kuna bati nene lililosimama wima. Silinda imeshikizwa kwenye bati hilo kwa pini moja, nayo inaning'inia na kuyumba huku na huku kwenye pini hiyo. Upande wa nyuma wa bati kuna springi ndogo na nati, vinavyoivuta silinda ilalie bati bila kuachia mwanya. Ndani ya silinda kuna pistoni, na fimbo ya pistoni inakwenda moja kwa moja hadi kwenye krenki, ule mkono mfupi unaogeuza mwendo wa kwenda na kurudi kuwa wa kuzunguka. Krenki ipo kwenye shafti, ile fito inayozunguka, na mwisho wa shafti kuna lile gurudumu zito mafundi wanaloliita flaiwili. Basi. Hakuna valvu ya kando, yaani kipande cha kufungua na kufunga njia ya mvuke, wala fimbo ya kuiendesha.

Mvuke unajuaje wakati wa kuingia na wakati wa kutoka? Silinda yenyewe ndiyo valvu. Kwenye uso wake bapa, ule unaolalia bati, kuna tundu moja. Kwenye bati kuna matundu mawili, moja la kuingizia mvuke, moja la kuutolea. Krenki inapozunguka huipeleka silinda upande mmoja, tundu lake likakutana na tundu la kuingizia, mvuke ukaingia na kuisukuma pistoni. Pistoni ikifika mwisho wa mwendo, silinda inakuwa imesimama wima na tundu lake liko katikati ya yale mawili, limezibwa na bati. Hapo hakuna nguvu yoyote. Flaiwili ndiyo inayoivusha injini kwa ule uzito wake ulioshika mwendo. Silinda inayumba upande wa pili, tundu linakutana na la kutolea, mvuke uliotumika unatoka. Mzunguko mmoja, msukumo mmoja.

Najua wapo wanaosema moyoni kwamba hicho ni kitu cha kuchezea watoto. Meli ya Great Eastern, iliyoshushwa majini Uingereza mwaka 1858 ikiwa kubwa kuliko meli zote za wakati wake, ilikuwa na magurudumu ya pembeni yenye makasia, na yaliyoyazungusha ni injini za silinda zinazoyumba. Silinda nne, kila moja na kipenyo cha karibu mita 1.9, na pistoni iliyokwenda zaidi ya mita 4 kwa kila mwendo. Fikirini silinda ya namna hiyo inayumba. Zile zilikuwa na valvu zake, lakini wazo la kuiacha silinda iifuate krenki badala ya kuongeza viungo kati yao ni lilelile lililo hapa mezani.

Naomba nikae kidogo kwenye yale matundu matatu, kwa sababu hapo ndipo injini nyingi za kwanza zinapofia, na hesabu yake ni ya darasani.

Chukulia krenki ina kitengo cha milimita 10, yaani kutoka katikati ya shafti hadi katikati ya pini yake. Pistoni basi itakwenda milimita 20. Chukulia umbali kutoka kwenye shafti hadi kwenye egemeo la silinda, yaani ile pini inayoyumbia, ni milimita 50. Silinda inapoyumba hadi mwisho wake, uwiano ni 10 kwa 50, yaani moja ya tano. Sasa kama tundu la silinda liko milimita 15 kutoka kwenye egemeo, moja ya tano ya 15 ni 3. Kwa hiyo tundu lile linahama milimita 3 kwenda kushoto na milimita 3 kwenda kulia kutoka mstari wa katikati. Hapo ndipo yanapokaa matundu mawili ya bati: milimita 3 kila upande, kwenye tao lenye umbali uleule wa milimita 15 kutoka kwenye egemeo.

Na upana wa matundu? Silinda ikiwa wima, kutoka katikati ya tundu lake hadi katikati ya kila tundu la bati ni milimita 3. Ukitoboa yote kwa keekee ya milimita 2.5, tundu la silinda linakaa kati ya yale mawili bila kuligusa lolote, na panabaki nusu milimita ya chuma kizima kila upande. Ukitoboa kwa milimita 3.5, tundu la silinda litayagusa yote mawili kwa wakati mmoja, mvuke utaingia huku na kutokea kule bila kuisukuma pistoni. Utasikia mluzi mzuri sana, na injini imetulia tuli. Tundu dogo unaweza kulipanua kesho. Kubwa limeshakuwa kubwa. Kila ukipata shaka kati ya keekee mbili, chukua ile ndogo.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha zile milimita 15 zinalingana pande zote. Chukua kipande cha bati nene, kitoboe matundu mawili tu, moja la egemeo na moja la mvuke. Kitumie kipande hichohicho kuongozea keekee kwenye uso wa silinda, halafu kwenye bati la kusimama, ukikigeuza kushoto kisha kulia. Hata kama kipimo chako ni 15.3 badala ya 15, kitakuwa 15.3 kila mahali, na injini haitajua tofauti. Mafundi wazuri ninaowafahamu hawasumbuki sana kupata namba kamili iliyoandikwa kwenye mchoro. Wanachokijali ni kwamba vitu viwili vinavyokutana vimetokana na kipimo kimoja.

Kuhusu vifaa sitachukua muda mrefu. Brasi, ile shaba ya manjano, ni rafiki wa anayeanza. Inakatika kwa usafi, haishiki kutu, na ikikosewa haikasiriki. Shafti na pini ziwe za chuma cha pua, zile fito zinazouzwa zikiwa zimenyooka na kipenyo chake kimeshasawazishwa, usizikereze mwenyewe. Alumini inavutia kwa wepesi wake, lakini hunata kwenye ncha ya kisu cha kerezo na kuuchanachana uso. Asiye na mashine ya kukereza asikate tamaa: bomba la brasi lililonyooka linafaa kuwa silinda, na fito inayoingia ndani yake kwa kuteleza bila kuchezacheza inafaa kuwa pistoni. Msumeno wa chuma, jiliwa, tupa mbili tatu na mashine ya kutobolea iliyosimama vinatosha. Lakini ile mashine ya kutobolea ni ya lazima. Tundu la egemeo likiinama hata kidogo, silinda haitalala bapa kwenye bati, na hakuna springi itakayoponya hilo.

Rangi iacheni mpaka injini izunguke.

Basi umemaliza vipande vyote, umeviunga, unapuliza hewa, na injini haizunguki. Hilo litakutokea. Limenitokea mimi, na bado hunitokea. Nataka niwaambie nililojifunza kwa kurudia mara nyingi: injini isiyozunguka, ikiwa matundu yake yako mahali pake, ina ugonjwa mmoja kati ya miwili, ama inavuja ama inasuguana. Na dawa ya mmoja huongeza mwingine. Ukikaza springi kuzuia kuvuja, umeongeza msuguano. Ukilegeza kupunguza msuguano, umefungua njia ya kuvuja. Mtu anaweza kuhangaika na ile nati wiki nzima, kaza legeza, kaza legeza, kumbe tatizo haliko kwenye nati.

Injini yangu ya kwanza ya aina hii ilinihangaisha hivyohivyo. Niliikaza, ikagoma. Nikailegeza, ikapiga mluzi. Mwishowe nikaitoa silinda, nikaupaka uso wake bapa wote kwa kalamu ya wino mzito mweusi, nikaacha ukauke. Nikairudisha, nikaiyumbisha kwa mkono mara 20 hivi, nikaitoa tena. Wino ulikuwa mzima karibu uso wote. Umefutika mahali pamoja tu: pete nyembamba inayong'aa, kulizunguka lile tundu la mvuke. Keekee ilipotokeza iliacha ukingo mwembamba wa chuma kwenye mdomo wa tundu, ukingo ambao jicho halikuuona na kucha iliuhisi kwa shida. Silinda nzima ilikuwa imesimama juu ya ukingo ule kama meza yenye mguu mmoja mrefu. Kila nilipoikaza ilisagana hapo, na mwanya wa kuvujia ulibaki palepale.

Nilichukua keekee kubwa zaidi, nikaizungusha kwa vidole mdomoni mwa tundu, mizunguko miwili tu, bila mashine. Ukingo ukatoka. Kisha nikalaza msasa laini wa kutumia na maji juu ya kipande cha kioo cha dirisha, kwa sababu kioo ni kitu kilichonyooka ambacho kila mtu anaweza kukipata. Nikaushika uso wa silinda chini kabisa karibu na msasa, vidole vikiwa chini, sio juu, nikausugua kwa kuchora namba 8. Ukisugua mbele na nyuma tu mkono huinama, na pembe za uso huliwa. Kila baada ya mizunguko michache niligeuza silinda robo. Nikapaka wino tena, nikasugua tena. Mara ya kwanza ulifutika katikati. Mara ya pili ukafutika katikati na pembe mbili. Mara ya nne ukafutika wote kwa pamoja, uso mzima ukawa na rangi moja ya kijivu isiyong'aa. Bati nalo nikalifanya vivyo hivyo. Nilipoviunga, tone moja la mafuta lilivishikamanisha hata kabla sijaweka springi. Nati nikaikaza kwa vidole tu. Ikazunguka.

Kuvuja kunasikika na kuonekana, hata povu la sabuni huonyesha mahali. Msuguano unajificha zaidi. Toa springi, toa pistoni, iache shafti na flaiwili peke yake. Isukume flaiwili kwa kidole: inapaswa kuendelea yenyewe mizunguko kadhaa na kusimama polepole, kila safari mahali tofauti. Ikisimama ghafla, bushi, yaani kile kipande kinachoishika shafti izungukie ndani yake, imebana, au shafti imepinda. Rudisha pistoni, jaribu tena. Ikiwa nzito mahali pamoja tu katika mzunguko, pini ya krenki haikusimama sambamba na shafti. Ikiwa nzito kote, pistoni imebana. Rudisha kipande kimoja kimoja, na kila kimoja kikirudi jiulize kimeongeza uzito kiasi gani. Ukirudisha vyote kwa pamoja, utakuwa unabahatisha.

Na majaribio yote haya ni kwa hewa. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo penye hatari. Injini ya kwanza ijaribiwe kwa hewa, hata ya pampu ya baiskeli. Injini ya namna hii iliyosuguliwa vizuri huhitaji presha ndogo sana. Hewa haikuunguzi ukiwa umeinama kutafuta panapovuja, unaweza kuikata mara moja, ukafungua nati, ukarekebisha, ukajaribu tena mara 40 kwa jioni moja. Mvuke haukupi nafasi hiyo.

Boila ni fani peke yake. Maji yakigeuka mvuke kwenye presha ya kawaida ya hewa hupanuka takriban mara 1,600. Ndani ya boila yamezuiwa yasipanuke, kwa hiyo yanaendelea kupata joto kupita nyuzi 100 huku yakiwa bado maji. Boila ikipasuka, presha inashuka papo hapo, na sehemu ya maji hayo hulipuka kuwa mvuke kwa pamoja. Hatari ile haitoki kwenye mvuke uliopo juu peke yake, inatoka zaidi kwenye maji ya moto yaliyo chini. Kwa hiyo hata boila inayoenea mkononi si kitu cha kujaribia bahati.

Nimeona boila zilizotengenezwa kwa bomba la brasi, miisho ikaunganishwa kwa lehemu ya bati na risasi, ile ya vifaa vya umeme. Lehemu hiyo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 183 hivi. Maji yakiwemo, yanailinda. Yakikauka moto ungali unawaka, hakuna cha kuilinda. Na brasi ikikaa na maji ya moto kwa muda mrefu hupoteza zinki yake, ikabaki na sura ileile lakini imekuwa dhaifu ndani. Boila hutengenezwa kwa shaba nyekundu, ikaunganishwa kwa lehemu ya fedha, ambayo huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600. Ina valvu ya usalama ambayo hakuna mtu anayeigusa wala kuiongezea uzito. Na kabla haijaona moto hupimwa kwa maji baridi: inajazwa pomoni bila hewa yoyote kubaki ndani, kisha pampu ya mkono inapandisha presha hadi mara mbili ya ile itakayofanyia kazi. Kwa nini maji? Kwa sababu maji hayashindiliki. Kiungo kikifunguka wakati wa kipimo, maji yatachuruzika na presha itaporomoka, bila mlipuko. Hewa ingerusha vipande.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba boila yako ya kwanza usiiunde. Nunua iliyokwisha kupimwa, au omba kuunganisha injini yako kwenye boila ya mtu mwenye uzoefu, akiwepo yeye mwenyewe. Kuunda boila kutakuja, na utakujifunza ukiwa umesimama karibu na mtu anayejua.

Siku utakapoiunganisha na mvuke, utashangaa. Injini iliyozunguka vizuri kwa hewa itatema maji, itasitasita, pengine itagoma dakika ya kwanza. Usiifungue. Silinda ni ya baridi, na mvuke ukigusa chuma baridi hurudi kuwa maji. Isukume flaiwili kwa kidole polepole, huku na huku, mpaka chuma kipate joto. Maji hayashindiliki, kwa hiyo kulazimisha ni kuvunja, ingawa injini hii ina huruma: maji yakizidi, silinda huisukuma springi, ikajiinua kidogo na kuyaachia. Tumia mafuta mazito, yale ya kuhimili mvuke, kwa maana mepesi huoshwa mara moja.

Jambo hili la silinda baridi lina historia ambayo kila anayeanza anastahili kuijua. Thomas Newcomen alisimamisha injini yake karibu na Dudley, Uingereza, mwaka 1712, ya kuvutia maji migodini. Miaka 50 hivi baadaye Chuo Kikuu cha Glasgow kilikuwa na mfano mdogo wa injini ya aina hiyo, wa kufundishia, na haukuwa ukifanya kazi. Kati ya mwaka 1763 na 1764 akakabidhiwa fundi wa vyombo vya kisayansi wa pale, James Watt, autengeneze. Akautengeneza. Lakini ulikuwa ukienda mipigo michache kisha unasimama kwa kuishiwa mvuke, ingawa boila yake ilionekana inatosha.

Watt angeweza kusema mfano ni mbovu. Badala yake aliuliza mvuke unakwenda wapi. Silinda ya mfano ule ilikuwa na kipenyo cha sentimita 5 hivi, na kwa udogo wake uso wa ndani ulikuwa mkubwa mno ukilinganisha na nafasi iliyomo. Fikirini: ukiongeza vipimo vyote vya silinda mara mbili, uso wake unaongezeka mara nne, lakini ujazo unaongezeka mara nane. Ukivipunguza, mambo yanageuka. Silinda ndogo ina ngozi nyingi na tumbo dogo. Injini ile ilipozwa kwa maji ndani ya silinda kila mpigo, kisha mvuke mpya ukapotea kwa kuipasha chuma joto upya. Kwenye injini kubwa hasara hiyo ilikuwepo, ila ilijificha. Kwenye mfano mdogo ilijitokeza wazi. Mwaka 1765 Watt akapata wazo la kuupoza mvuke kwenye chombo cha pembeni, silinda ibaki ya moto daima, na mwaka 1769 akapata hataza yake.

Injini iliyomfikisha kwenye wazo hilo ilikuwa ndogo, ya mezani, na iliyogoma. Kwa hiyo injini yako ikisitasita kwa sababu ya ubaridi, jua uko kwenye swali lilelile, na kipimo cha silinda yako ni karibu na kile.

Wengi mmeniuliza kabla ya kikao: baada ya hii, ipi? Baada ya hii, injini yenye valvu ya kuteleza, inayosukuma pistoni pande zote mbili. Zipo zinazouzwa kama vipande vya kusubu, yaani vilivyomiminwa kwenye kalibu, unavimalizia mwenyewe. Stuart 10V ya Uingereza imewafundisha watu wengi sana, ina silinda ya kipenyo cha milimita 19 na mwendo wa pistoni uleule. Ni injini nzuri na ninaipenda. Lakini ndani ya boksi kila kipande ni kimoja. Ukiharibu silinda ya kusubu, umepoteza silinda. Ukiharibu kipande cha fito ya brasi, unakata kingine dakika hiyohiyo. Kwa hiyo makosa yako mengi yamalizie kwenye brasi.

Na garimoshi lililoko kabatini? Mtalirudia. Siku mtakapoufungua tena ule mchoro mtaona nyuso mbili zinazosuguana, tundu linalofunguka na kufungwa, pistoni isiyobana wala kuvuja, pini iliyo sambamba na shafti. Kitakachokuwa kigeni kwenu ni kidogo mno.

Nilisema nitazirudia injini hizi. Hii ya kushoto mmeiona inavyozunguka kwa pampu ya baiskeli. Hii ya kulia niliiunda kwa mchoro uleule, na nimeileta ikiwa na kasoro mbili nilizoziweka makusudi, zote nimezitaja leo. Moja inavujisha, moja inasuguana. Spana ya nati iko hapa, na kalamu ya wino, kioo, msasa, keekee na kopo la mafuta. Hewa imeunganishwa. Wewe uliyeketi pale mbele na mchoro wa magurudumu sita, njoo uanze. Toa springi kwanza, kisha isukume flaiwili kwa kidole utuambie unahisi nini.